Kesho Utikise Kikombe

Ibra, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Rayya,

Barua za zamani, zile tulizokuwa tukipelekeana na watu wetu wa Tabora, zilikuwa na desturi yake: sisi huku wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Leo nimeshika kalamu nikaona desturi ile hainifai. Wewe hujawa mbali bado. Uko Al Qabil tu, umekwenda kuwaaga shangazi zako, na kabla ya magharibi gari la ami yako Said litaingia hapa uani. Lakini hofu haikungoja uondoke. Imeshafika, imekaa na mimi jikoni, na kahawa imekunywa.

Sitakuandikia habari za sweta wala dawa ya tumbo. Hayo nimeyasema mpaka ukanifungia mlango wa chumba. Na zile chupa za pilipili ulizozitoa sandukuni, usijisumbue kuzitafuta, nimezirudisha.

Nakuandikia kwa sababu nikisema nalia, na nikilia wewe hunyamaza, na tukinyamaza sote wawili jambo hulala pale pale lilipokuwa. Najua kusoma Kiswahili kunakupa tabu. Soma kwa sauti, masikio yako yanakijua kuliko macho yako. Na mimi kuandika si kazi yangu, niliishia darasa la nne. Tutakutana katikati.

Tangu mwezi uliopita unaniomba radhi ya kusafiri. Mara ya kwanza nilikuwa nachambua mchele, nikakwambia tutaona. Ukarudi tena, nikakwambia inshallah, na wewe unaijua inshallah yangu ya kukataa. Jana ukaja tena. Ulisimama tu mlangoni ukanitazama, na mimi nikajitia natafuta kifuniko cha sufuria. Ami yako, ambaye sote tulidhani ndiye atakayeweka mguu mlangoni, kasema mbele ya watu: "Mimi sina neno. Radhi ya mtoto iko kwa mama yake. Akiradhi, nitampeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Asiporadhi, hiyo tiketi ni karatasi." Na wewe ukajibu kuwa bila ya radhi yangu huendi. Nakujua, kweli huendi. Basi jambo lote limerudi mikononi mwangu, na mimi kila nikifungua mdomo yanatoka maneno ya mchele.

Hebu nikwambie tena habari ya kahawa. Umeshaisikia, lakini umeisikia kama kichekesho, kwa sababu ndivyo baba yako, Mungu amrehemu, alivyopenda kuihadithia.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita. Babu yako alituleta kutoka Tabora wakati watu wetu wa Afrika walipokuwa wanarudi huku Arabuni. Kule Tabora tulikuwa Waarabu. Tulipofika Ibra tukawa Wazanzibari, na mimi Zanzibar sijapata kuiona mpaka leo. Siku ya pili tu nikakalishwa kwenye mkeka nyumbani kwa shangazi ya baba, chumba kimejaa wanawake, mimi na gauni langu la maua, Kiarabu changu ni salamu na Alhamdu. Ikaletwa fuala: sinia la tende, halwa, na kahawa. Yule shangazi akashika dalla, birika la kahawa, kwa mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, akanimiminia kidogo chini ya kikombe. Nikanywa. Akamimina. Nikanywa. Akamimina tena.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hapa anayemimina haachi mwenyewe. Mgeni ndiye anayetikisa kikombe, hivi, kwa kifundo cha mkono, maana yake nimetosheka. Mimi nililelewa na mama aliyesema: "Ukipewa kitu kwa watu, usikatae, utatutia aibu." Basi sikukataa. Nikawa namwonea huruma yule bibi, nikisema moyoni, maskini, huyu hana watu wa kumnywea kahawa yake. Na yeye naye, alikuja kuniambia baadaye, alikuwa akisema moyoni, maskini, huyu ametoka Afrika na kiu yake.

Mwanamke mmoja akasema, "Mashallah, binti huyu ana tumbo la ngamia." Wakacheka. Na mimi nikacheka, sikuelewa kitu. Mwisho mikono ikaanza kunitetemeka kwa kahawa, kikombe kikatikisika chenyewe, na bibi wa watu akasema "Alhamdulillahi!" akaweka dalla chini, akafuta jasho.

Baba yako alikuwa akifika hapo anapiga paja kwa kucheka. Lakini mimi nimeifikiri sana hadithi ile nilipokuwa mtu mzima. Hakuna aliyenionea siku ile. Yule bibi alikuwa na adabu yake na mimi nilikuwa na adabu yangu, zikakutana hizo adabu mbili, nusura ziniue. Na kutikisa kikombe nilikujua siku ya pili yake. Kutikisa mambo mengine kulinichukua umri.

Maana nilipokwenda London nilikuwa bado yule yule. Baba yako alipelekwa kuwa dereva katika ofisi ya serikali yetu kule, na mimi nikamfuata. Ile nyumba unaikumbuka, ukuta mmoja na jirani, yule bibi mzee wa Kiingereza mwenye mbwa wa rangi ya chai. Kila nikianika nguo naye yuko upande wa pili wa uzio, anazungumza. Mimi Kiingereza changu kilikuwa neno moja tu, yesi. Niliona haya kumwambia mtu sielewi. Nilidhani wasioelewa hurudishwa kwao. Basi anasema, nasema yesi. Anacheka, nacheka. Anasikitika, nasikitika. Alinipenda sana.

Ijumaa moja kaja mlangoni na mbwa, na bakuli la mbwa, na blanketi la mbwa. Kambusu yule mbwa kichwani, kanibusu na mimi, kaingia kwenye teksi kaondoka. Baba yako karudi kazini na tai yake shingoni.

"Hiki nini?"

"Mbwa."

"Naona kuwa ni mbwa. Anafanya nini jikoni kwangu?"

"Nimesema yesi."

Mbwa alikaa na sisi mpaka Jumatatu. Baba yako akawa anachota udongo kwenye chungu cha maua cha yule bibi, anaosha mabakuli yangu mara saba, huku ananung'unika: "Watu huleta wake zao Ulaya wakasoma, mimi wangu kafungua zizi."

Na wewe wakati ule ndio unaanza kusimama kwa kushika ukuta, hujatamka neno hata moja, kwa Kiswahili wala kwa lugha yoyote. Nilikuwa na wasiwasi hata nikakusomea. Mbwa akaja mbele yako. Ukamnyooshea kidole, ukamwambia akae, kwa Kiingereza cha wenyewe, kama vile ulivyokuwa ukimsikia yule bibi kupitia ukutani. Mbwa akakaa. Baba yako, bakuli mkononi, naye akakaa.

Basi ndiyo maana uliponieleza kuwa huko duniani shule zinatafuta walimu ambao Kiingereza ndiyo lugha yao ya kuzaliwa, na kwamba wewe hawakukubali mpaka ulete ushahidi, nilicheka peke yangu. Ushahidi wanaoutaka ni pasi. Wangeniuliza mimi nilichokiona jikoni.

Kisha tukarudi, una miaka tisa. Kule ulikuwa mtoto wa Kiarabu, hapa shuleni wakakuita Mwingereza. Niliposikia nikasema, lo, yaleyale ya Tabora, tumerithishana. Siku moja nilikuja kukutafuta, nikakukuta ukingoni mwa falaji, ule mfereji wa maji nyuma ya shamba la tende la ami yako, miguu umeitia majini, unazungumza Kiingereza peke yako. Unajiuliza, unajijibu, unabadilisha sauti. Nikakuuliza, unazungumza na nani? Ukasema, "Naogopa kitaniponyoka, Mama."

Nikasema haya, usichelewe kula, nikaondoka. Nilikuwa na nguo za kufua. Na tena nilijiambia, nikae kufanya nini, mimi mwenye neno moja? Mpaka leo nikipita pale, hata kama maji yamepungua na watoto hawakai tena, huwa natazama lile jiwe. Ningekaa, mwanangu. Ungekuwa unauliza, na mimi nasema yesi. Siku ile ingetosha.

Hakikukuponyoka. Ulikwenda Nizwa ukakisomea, ukarudi na shahada yako, ukawa unasomesha jioni kwenye maahadi, chuo cha lugha cha hapa mjini, watoto wa watu wanakupenda. Lakini ulitaka kwenda nchi za nje ukaone. Kila jioni unanisomea matangazo, na kila tangazo lina sentensi ile ile, tunataka wenye lugha yao. Wanakupigia, wanakusikia, wanafurahi. Wakiona pasi, ghafla wana mkutano. Nilikuwa nikikuona unavyofunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

Nakumbuka yule bwana wa kwanza aliyekutaka kweli. Ulivaa shela yako ya bluu ukakaa mbele ya kompyuta, na mimi nikaleta sinia nikaliweka mbele yake.

Ukaninong'oneza, "Mama, haioni hiyo kahawa!"

"Basi na tende je?"

"Mama!"

"Mtu anakuja nyumbani kuzungumza habari za binti yangu, nisimwekee kitu? Watu watasema nini?"

Yeye akacheka, ukanifukuza, nikasimama nyuma ya pazia. Sikuelewa mengi. Nilielewa ulivyokaza mgongo. Kisha nikakusikia unasema hapana, ahsante, na kompyuta ikafungwa. Ukanieleza kuwa anakutaka, mshahara mzuri, ila kwenye picha uvue shela, uitwe Rachel, na wazazi wa wanafunzi wakikuuliza useme wewe ni mtu wa London. Ibra usiitaje.

Na mimi, mwanangu, hebu tazama nilivyo, nikakugombeza. "Ungesema ndiyo! Ukishafika utajua la kufanya. Jina ni neno tu, utazoea." Ukanijibu pole pole, "Na wakishanibadilisha jina, Mama, halafu watataka nini?" Nilikwenda jikoni nikakaa. Miaka yote ile nilidhani nimejifunza, kumbe nilikuwa bado nataka kumwoshesha binti yangu bakuli la mbwa wa watu. Na wewe, ambaye sikukufundisha kwa sababu sikujua, ulikuwa umeshatikisa.

Ndipo akaja yule mama wa Vietnam, mwalimu mkuu, mwenye miwani. Nchi ambayo mimi naijua kwenye samaki wa barafu wa dukani tu. Akakuuliza unatoka wapi. Ukasema Ibra. Nilisikia jina la mji wetu nikashituka. Akauliza Ibra ndio wapi, na wewe ukaigeuza kompyuta dirishani, ukamwonyesha kilima na mnara wake, na mitende, na nguo za jirani kwenye kamba. Mimi nikaona haya kwa zile nguo. Yeye akasema jambo, ukacheka, na kile kilikuwa kicheko chako cha nyumbani.

Kisha akataka umwonyeshe unavyosomesha, kama kwamba yeye ni mtu asiyejua hata neno moja. Ukatazama huku na huku. Sinia lilikuwepo, safari ile hukunikataza. Ukaniita, "Mama, njoo ukae hapa." Nikaja natweta. Ukashika dalla, wewe. Ukanimiminia, ukaniuliza kwa Kiingereza, nikuongeze? Nikajibu kama nilivyozoea. Yesi. Ukaongeza. Ukaniuliza tena, nikasema yesi. Ukaongeza. Hukucheka, hukunisahihisha, ukawa unaningoja tu. Mara ya nne au ya tano nikaangalia kikombe, nikakuangalia wewe, nikaangua kicheko. Ukanishika kifundo cha mkono, ukakitikisa kidogo, na pamoja na kutikisa ukanipa maneno yake. Nikayasema. Imetosha, ahsante. Kwa Kiingereza, sentensi nzima, mbele ya mgeni, mwanamke wa umri huu.

Na yule mama kule kwao akanyanyua kikombe chake cha chai, akakitikisa, akayasema na yeye. Wanawake wawili wazima, kila mmoja upande wake wa dunia, mwalimu wetu mmoja.

Siku ile nilikuona, Rayya. Nilijua utakwenda kabla hawajakuandikia, na tangu siku ile ndio nikaanza kuchambua mchele usio na mawe.

Jumatano iliyopita sokoni, Bi Moza, tunayeuza naye bukhuri mkeka kwa mkeka, alinichosha. "Umm Rayya, bukhuri likifungiwa kabatini linamnukia nani? Mwache binti aende."

"Bukhuri haliendi Vietnam peke yake," nikamwambia.

"Kwani wewe London ulikwenda na nani?"

"Na mume."

"Na huyo mume alikukinga na mbwa?"

Wanawake wote wa safu yetu wakacheka, mteja akaondoka na bei yake. Nikamwambia Moza, Mungu akulaani kwa wema. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiwaza. Kweli hakunikinga. Alikaa na mimi tukaosha mabakuli. Nilichokuwa naogopa mimi ni kwamba wewe utakuwa huko, umekosea, na hakuna wa kuosha na wewe. Hofu yangu ni hiyo, si nyingine. Wala si maneno ya watu, wala si umbali. Hofu ni wewe kukaa peke yako ukingoni mwa maji ya watu na mimi nina nguo za kufua.

Basi nipigie. Usinipigie kuniambia mazuri tu, nitajua, unayo sauti yako ya kuniambia mazuri. Umekosea, nipigie. Nitasema yesi.

Huko utapewa mengi. Watu wema ndio hasa wanaomimina. Watakuongezea vipindi kwa sababu unafanya vizuri, watakualika kwenye kila karamu, watakupa shida zao uzibebe kwa sababu una uso wa kusikiliza, uso wa baba yako. Hawatajua kwamba umetosheka, kama yule bibi alivyokuwa hajui. Na wewe unajua cha kufanya kuliko mimi, kwa hiyo naishia hapo.

Sasa kuhusu kesho.

Asubuhi watakuja. Ami yako, shangazi zako, Moza naye kasema atakuja hata kama hajaalikwa. Tutatandika majlisini, nitaweka halwa na zile tende za khalasi unazozipenda, na kahawa nitamimina mimi. Na mkono wangu unaujua. Nitakumiminia, nitakuuliza soksi umechukua. Nitakumiminia, nitakwambia nimesikia kule kuna mvua. Nitakumiminia, nitakumbuka jambo la bibi yako ambalo sijawahi kukuhadithia. Nitamimina mpaka ndege iruke na wewe umekaa hapa mkekani, kikombe mkononi, kwa adabu. Anayemimina haachi mwenyewe. Ndiyo desturi ya hapa, na ndivyo mama alivyo kila mahali.

Kwa hiyo usiningoje mimi. Tikisa kikombe. Tikisa mbele yao wote, usione haya, wala usinitazame machoni, maana ukinitazama utanipa tena nafasi. Ukitikisa nitaweka dalla chini, na nitasema kwa mdomo wangu, ami yako asikie na Moza asikie: nimekuradhia, mwanangu, duniani na akhera, kwenda kwako na kurudi kwako, kukaa kwako na kusimama kwako.

Na maneno yakinikwama, kama yalivyonikwama mwezi mzima huu, basi barua hii unayo. Mtoe ami yako hapo, umsomee. Nimeandika kwa mkono wangu na akili zangu timamu. Nimekuradhia.

Gari lake nalisikia linakata kona kwenye msikiti. Naiweka barua hii sandukuni chini ya pilipili, huko najua utafungua usiku huu kuzitoa tena.

Na kesho ukiona mkono wangu unatetemeka, waambie watu ni kahawa.

Mama yako